Robo ya Nne ya Ngao

Kila mji una mahali pa kujitazamia. Upo unaojitazama mtoni, upo unaojitazama machoni mwa wageni wake. Na huu tunaouingia sasa ulijitazama ukutani. Jina lake halitajwi, maana wenyewe hawakulitumia. Mtu hauiti mkono wake kwa jina. Kando ya mlango wa Baraza ilisimama ngao ya mji: ubao mmoja wa mninga, kimo cha watu watatu waliopandana mabegani, ncha yake ya chini ikimfikia mtu mzima kifuani. Hakuna aliyejua ubao ule ulitokaje kwenye mlango wa karakana yoyote. Wengine walisema ngao ilikuwako kwanza, kisha ukuta ukajengwa nyuma yake, kisha Baraza nyuma ya ukuta, kisha mji nyuma ya Baraza, na mwisho wa yote watu wakaja kutazama kuna nini.

Ilikuwa na robo nne. Robo ya kwanza, juu kulia, ilichongwa duara lenye tundu katikati. Waliokaa mlimani waliliita jua. Waliokaa bondeni waliliita jiwe la kusagia. Na mwaka wa njaa kuu, hata mlimani waliliita jiwe la kusagia. Robo ya pili, juu kushoto, alikaa hondohondo aliyegeuza shingo kutazama alikotoka. Walimu waliwafundisha watoto kwamba ndege huyo ni kumbukumbu. Maseremala walikuwa na maelezo mafupi zaidi: mchongaji alianzia mkiani, nafasi ikamwishia, akaikunja shingo. Robo ya tatu, chini kushoto, kulikuwa na kata iliyoinama, na haikujulikana kama inateka au inamimina. Kwa ajili ya kata hiyo koo mbili zilinuniana vizazi vitatu, mpaka zilipooana kwa bahati mbaya na kulazimika kunywa maji pamoja.

Robo ya nne, chini kulia, ile iliyo karibu zaidi na mlango, haikuwa na kitu. Ilikuwa bonde dogo la mti mtupu, laini, linalong'aa kama goti la mtoto aliyetoka kuogeshwa. Na hapo ndipo kila mama alipomleta mtoto wake akitimiza siku arobaini, akaukunjua ule mkono mdogo uliofumbwa, akaupitisha kwenye mti. Hayakuwapo maneno ya kusema. Mtoto aligusa, akarudishwa nyumbani, akawa mtu wa mji. Ukimuuliza mama yeyote kwa nini pale na si kwingine, alikujibu kwa upole, kama anayejibu swali la mgeni: kwa sababu nami niligusishwa pale.

Mara moja kwa mwaka ilifika Siku ya Msasa, na ngao ikasuguliwa. Ilisuguliwa kwa majani ya mti wa msasa, yale makavu yenye ulimi wa paka, kisha ikapakwa mafuta ya nyonyo mpaka mti ukalewa. Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo mmoja wa wanawake, ikitoka kwa mama kwenda kwa binti, na mwaka huu tunaousimulia alikuwa nayo Zamoyoni, mama wa watoto wanne, mwanamke wa kimo cha wastani aliyependa kumaliza jambo kabla ya kulitolea maoni.

Kazi ilikuwa na sharti moja. Mwanamke akishaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza cha ngazi, jina lake hubaki chini pamoja na viatu vyake. Huko juu huitwa kwa jina la aliyemtangulia, na akizidi kupanda, kwa jina la aliyemtangulia aliyemtangulia. Sababu haikuandikwa popote. Watu walisema tu kwamba kazi ile haifi, na kisichokufa hakibadilishi jina.

Tunu, mama yake Zamoyoni, alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Mwaka ule wa kwanza baada ya matanga, Zamoyoni alipanda ngazi, na Bi Arafa, aliyeuza mihogo ya kuchoma mkabala wa Baraza, akampigia ukelele kama alivyofanya miaka thelathini: "Tunu, umekula lakini?" Zamoyoni akafungua kinywa ajibu, na iliyotoka haikuwa sauti yake. Ilikuwa ile sauti pana, yenye mkwaruzo wa asubuhi, iliyomwamsha utotoni. "Abee, bado." Mji wote uliokuwa uwanjani uliisikia, na hakuna aliyeshtuka. Tangu siku hiyo Zamoyoni alielewa kwamba kuna siku moja katika mwaka ambayo mama yake yu hai, na kwamba yeye mwenyewe ndiye mahali anapokuwa hai. Siku nyingine zote za mwaka alizihesabu kuwa njia ya kufikia hapo.

Basi asubuhi hiyo alifika na kapu lake la majani, akaisimamisha ngazi. Hidaya, binti wa jirani, alikuwa ameketi kizingitini na mtoto wake wa kwanza, aliyetimiza siku arobaini siku hiyo hiyo, akingoja ngao ipakwe mafuta ndipo amgusishe. Mtoto alikuwa amefumba mkono kwa nguvu kana kwamba ameshikilia siri ya huko alikotoka.

Kabla Zamoyoni hajavua viatu, alitokea Diwani Sufiani, na nyuma yake fundi wa rangi aliyebeba bati kubwa lililokatwa umbo la ngao. Lisemwe mapema: Diwani Sufiani hakuwa mtu mbaya. Aliupenda mji kwa namna ya mtu anayempenda ndugu yake mbele za watu, akimrekebishia kola ya shati.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Zamoyoni.

"Marahaba, mwanangu. Usipande kwanza." Akamwashiria fundi auegemeze mzigo ukutani, karibu na mlango. "Polepole. Rangi haijakauka."

Juu ya bati lile robo tatu zilikuwa zile zile: duara, ndege, kata. Katika robo ya nne aliketi simba mwekundu, mdomo wazi, meno yamepangwa kama misumari dukani.

"Nimetembelea miji kumi na mmoja," alisema Diwani. "Kila mmoja una simba kwenye ngao yake. Upo wenye simba wawili, na ni mji mdogo kuliko huu wetu."

"Na huko hao simba wanakula nini, Mheshimiwa?" aliuliza Bi Arafa kutoka kwenye jiko lake.

"Bi Arafa, hayo ni mambo ya Baraza."

"Nami nauliza tu. Nina mbuzi."

Diwani alivuta pumzi. "Wageni wananiuliza, robo ile mbona tupu? Sina la kuwaambia. Mtu akiulizwa habari za uso wake mwenyewe akakosa jibu, uso huo ni wake kweli? Kamati imekaa, imeamua. Ubao utakwenda ghalani, bati litapanda. Bati halihitaji msasa, halihitaji mafuta, halihitaji ngazi."

Katika maneno hayo yote Zamoyoni alisikia moja tu, la mwisho. Kama hapana ngazi, hapana wa kupanda. Kama hapana wa kupanda, hapana wa kuitwa. Mama yake angekufa mara ya pili, na safari hii bila hata matanga.

"Na tusifichane," Diwani aliendelea, akishusha sauti kwa huruma, jambo lililoyafanya maneno yazidi kuuma. "Robo ile ilikuwa na kitu. Hakuna mchongaji anayeagizwa robo nne akachonga tatu. Kilisuguliwa kikaisha, na majani ya msasa yamekuwa mikononi mwa ukoo wenu. Wapo wanaosema ni marehemu mama yako. Wanasema alikuwa na mkono mzito."

"Mama hakuigusa robo hiyo kwa msasa," alisema Zamoyoni. "Sisi hatuisugui. Tumekatazwa. Hiyo hupakwa mafuta tu."

"Amekukataza nani?"

"Mama."

"Na yeye?"

"Mama yake."

"Basi mtuhumiwa, binti wa mtuhumiwa, na mama wa mtuhumiwa. Ndio mashahidi wako?"

"Ndio niliokuwa nao tangu nizaliwe, Mheshimiwa."

Bi Arafa alicheka puani. Diwani alitazama chini, kisha akatazama mlingoti wa bendera, ambao kivuli chake kilikuwa kimelala uwanjani kama fimbo iliyosahauliwa. "Sitakukatiza kazi. Sugua. Kivuli kile kikifika mguu wa ngazi, ushuke uniambie kilichokuwamo robo ya nne. Ukiwa na jibu, nitalipeleka kwenye kamati, na jina la mama yako litasafishwa. Usipokuwa nalo, bati linapanda leo."

Zamoyoni alivua viatu. Alivipanga pamoja, vidole vikielekea ukutani, kama watu wawili waliotumwa kusikiliza.

Kipandio cha kwanza.

"Tunu," aliita Bi Arafa, na sauti yake ilikuwa imepungua miaka, "leo umechelewa."

"Abee. Nilizuiwa njiani."

Jani kwenye mti. Kwenda, kurudi. Vumbi la mwaka mzima likimwagika kwenye mikono iliyokuwa ya Tunu, yenye ile alama ya kuungua ya sufuria ambayo Zamoyoni hakuwahi kuungua. Hakuitazama sana alama hiyo. Kitu kipendwacho kikija, hutakiwi kukikazia macho. Unaendelea na kazi, kikae. Je, mtu ni nini, aliwaza mmoja wa wanawake wale wawili, kama si jina ambalo wengine wanakubali kuliita na mwili unaokubali kuitika? Tukiitwa na hatuitiki, tumekufa. Tukiitika kabla ya kuitwa, tuna wazimu. Na anayeitika kwa niaba ya mwingine, huyo tumwite nani? Labda mji. Labda hiyo ndiyo maana ya mji: watu wengi wanaoitikiana wito usio wao.

Aliinamisha kichwa kutazama chini. Katika robo ya nne, iliyokuwa tupu asubuhi, palikuwa na mstari mmoja mwembamba, umepinda kama tabasamu la mtu anayelala.

Akaelewa, bila kuambiwa, kwamba ngazi ile haikuegemea ukuta peke yake.

Kipandio cha tatu. Kivuli cha mlingoti kilijikunja kikarudi kilikotoka. Aliyekuwa kwenye jiko la mihogo hakuwa tena Bi Arafa bali mwanamke mwingine wa mashavu yale yale, mama yake bila shaka, akamwita: "Faida, mjukuu wangu amegoma kunyonya, nifanyeje?" Naye Zamoyoni, ambaye sasa alikuwa bibi yake mwenyewe, akajibu kuhusu uji mwepesi na kitambaa cha uvuguvugu, mambo ambayo hakuwahi kufundishwa. Mikono yake ilikuwa na mishipa mirefu. Akatazama chini: mstari ulikuwa mkia, na ncha yake ilikuwa na shada la nywele. Pembeni mwanamke alikuwa anampitisha mtoto mkono kwenye mti, naye mtoto akacheka, akapewa tena, akacheka tena. Mtoto huyo alikuwa na masikio makubwa. Zamoyoni aliyafahamu masikio hayo. Yalikuwa yakimngoja chini, yakiwa yameotwa na mvi pembeni, kwa jina la Mheshimiwa.

Kipandio cha tano. "Mashavu," waliita. Hilo lilikuwa jina la mama wa bibi, na hakuna aliyebaki duniani aliyewahi kuuona uso wake. Hata hivyo uso huo sasa ulikuwa unatoka jasho, na jasho lilikuwa na chumvi ya kawaida. Msasa. Mafuta. Duara la robo ya kwanza lilikuwa bado na kingo kali, na kwa ukaribu huo halikuwa jua wala jiwe. Lilikuwa duara. Lilisubiri kwa uvumilivu liambiwe ni nini, kama mtoto wa siku thelathini na tisa. Chini, nyayo mbili zenye kucha zilikuwa zimejitokeza kwenye mti, na kifua kipana.

Kipandio cha tisa, cha mwisho. Hapakuwa na uwanja, wala jiko, wala bendera iliyojulikana. Palikuwa na mlango wa Baraza, mpya, wenye harufu ya lami, na mstari mrefu wa watu walionyamaza. Ndani ya Baraza alikuwamo mtawala mwenyewe, na mtawala huyo hakuwa mtu wa mji. Kila kitu kilitolewa ndani: ruhusa ya kujenga, ruhusa ya kuhama, hata jina la mtoto lilitolewa ndani, kwa muhuri. Ili kuingia ulipita karibu na ngao, na ngao ilikuwa mpya, na katika robo ya nne aliketi simba. Mdomo wazi. Meno yote. Macho yake misumari miwili ya shaba iliyomfuata mpitaji. Waliokuja wima waliingia wameinama. Ndiyo kazi aliyochongewa.

Mwanamke mmoja katika mstari alikuwa na mtoto wa siku arobaini aliyekuja kuombewa jina. Mtoto alimwona simba akalia, na sharti la mlangoni lilikuwa kwamba kinacholia hakiingii. Mama alimfunika macho; akalia zaidi, maana sasa simba alikuwa gizani pamoja naye. Mstari ulisonga, ukawapita. Watu waliwapita wakitazama chini.

Aliyekuwa akisugua ngao siku hiyo, mfagizi wa Baraza aliyeitwa Semeni, wa kwanza katika kazi, alishuka kwenye ngazi yake na kumwendea. Na hapa Zamoyoni hakuweza kujua kama anamwona Semeni au ni yeye anayeshuka, kwa kuwa mguu uliokanyaga chini ulikuwa mmoja na vumbi liliruka mara moja. Aliushika mkono wa mtoto. Aliukunjua kidole kimoja kimoja.

"Unamfanya nini mwanangu?" aliuliza mama.

"Namjulisha."

"Atamng'ata."

"Huyu? Tangu aketi hapa hakuna aliyemgusa. Ungekuwa wewe, usingekunja uso hivyo?" Akauweka mkono wa mtoto kwenye pua ya simba. "Mpapase, baba. Hana neno. Mpapase."

Mtoto alipapasa. Pua, mdomo, jino. Akanyamaza, kwa mshangao wa mtu aliyegundua kuwa kitu cha kutisha kina ubaridi mtamu wa mti. Akaingia ndani, akatoka na jina. Kesho yake wakaja mama wawili. Keshokutwa wakaja tisa.

Huko juu, Zamoyoni alilitafakari jambo hilo kwa muda usio na kivuli cha kuupima. Angekuja mtu na shoka, akamvunja simba meno. Wangemwimba mtu huyo, na simba angebaki: simba aliyevunjwa, ambaye kila mtu anakumbuka alikuwa na meno. Kinachopigwa hukua katika kumbukumbu. Lakini kinachopapaswa? Kinachopapaswa na mkono usiotaka kitu, mkono usio na nguvu hata ya kushika kijiko, leo na kesho, mtoto na mjukuu? Hakipati adui wa kumrukia. Husinzia. Husahau kilichongewa nini. Wala wale waliokipapasa hawajui kwamba wametenda jambo. Wao wanadhani wanalea mtoto.

Semeni aliinua uso. Kidevuni alikuwa na kovu lile lile alilokuwa nalo Zamoyoni.

"Wewe uliye juu," alisema, "usimsugue huyu kwa msasa. Sisi tuna haraka. Mwachie watoto."

"Abee," akajibu Zamoyoni.

Alishuka. Alipitia kwa Mashavu, akapitia kwa Faida, na kwa Tunu alikawia kidogo, mguu mmoja hewani, kama anayeaga mlangoni huku akiendelea kuzungumza. Kivuli cha mlingoti kilikuwa hatua mbili kutoka mguu wa ngazi. Diwani alikuwa ameketi kwenye kibao cha Bi Arafa, anakula muhogo.

"Haya, mwanangu. Kilikuwa nini?"

Palikuwa na majibu mengi mazuri. Angesema ua, wangeamini. Angesema mkono wa mama, wangelia. Ubao ungebaki, bati lingerudi dukani, na mama yake angesafishwa kwa uongo. Na kila mwaka, akiitwa kule juu, angelazimika kuitika akiwa amevishwa huo uongo. Zamoyoni aliona afadhali mama afe mkweli.

"Simba," alisema.

Diwani aliacha kutafuna. Fundi wa rangi akatabasamu kama mtu aliyethibitishwa kazini. Hidaya, kule kizingitini, alimvuta mtoto karibu.

"Simba," Diwani alirudia, taratibu. "Kumbe wetu alikuwapo. Na aliyemwondoa ni nani?"

"Wewe, Mheshimiwa."

"Mimi?"

"Wewe na huyu Bi Arafa, na mimi, na wote waliozaliwa hapa. Siku zetu za arobaini. Wewe uligusa mara mbili. Ya kwanza ulicheka, bibi yangu akasema mrudisheni aguse tena."

"Kiganja cha mtoto hakiondoi hata vumbi."

"Kimoja, hapana."

Alimshika mkono. Haikuwa desturi kumshika Diwani mkono, lakini mikono yake ilikuwa na mafuta na mafuta hayana adabu. Akakitia kiganja cha mtu mzima yule katika bonde la robo ya nne, akakisogeza hadi kwenye pembe ya chini kabisa, nyuma ya ukingo, ambako vidole vya watoto havikuwahi kufika. "Usitazame. Papasa."

Diwani Sufiani alifumba macho. Usoni mwake yalipita mambo mengi. "Kuna kitu kimechomoza," alisema. "Kidogo. Kimepinda." Kisha, kwa sauti iliyokuwa na umri wa siku arobaini: "Ni ukucha."

"Ndio uliobaki."

"Basi mji mzima," alisema Bi Arafa, akipuliza moto wake, "tumemla simba bila hata chumvi."

Watu waliokuwa uwanjani walicheka, na kicheko kilikuwa cha kifamilia, cha watu waliokutwa wamelala mchana. Diwani hakucheka. Alitoa mkono wake taratibu na kuutazama. "Mama yako hana hatia," alisema. "Nitaitangazia kamati hivyo, na nitatangaza kwamba nilimshuku. Lakini, Zamoyoni, umenipa haki mwenyewe. Kama simba alikuwapo, pale ni pake. Bati linapanda."

Ndivyo ukweli ulivyo. Humsafisha aliyekufa, ukamnyima aliye hai. Zamoyoni alitazama viatu vyake, bado vimeelekea ukutani. Akafikiri: sawa. Angalau nilimwitikia mara moja zaidi.

Ndipo fundi wa rangi aliposema, bila kupaza sauti, "Jamani. Rangi."

Wakageuka. Hidaya alikuwa amechoka kungoja. Bati lilikuwa limeegemezwa pale pale mlangoni, karibu na bega lake, na mtoto, ambaye mkono wake ulikuwa umefumbwa tangu alfajiri, alikuwa ameukunjua mwenyewe. Hakuna aliyemwongoza. Kiganja kilikuwa kimetua kwenye pua ya simba mwekundu, kikateleza taratibu hadi mdomoni, kikarudi, kikateleza tena. Palipokuwa na meno palikuwa na utelezi wa waridi, umepinda juu kidogo upande mmoja, na simba alionekana kama anayeota ndoto njema. Mtoto alitazama kiganja chake chekundu kwa heshima.

"Nisamehe, Mheshimiwa," Hidaya alisema. "Nilidhani ndipo pa kugusa."

Fundi alitoa brashi. "Ni dakika tano. Naweka meno."

"Ngoja," alisema Diwani. Alikuwa bado ameukunjua mkono wake uliojaa mafuta, na sasa mikono miwili ilikuwa wazi pale mlangoni, mmoja mkubwa na mmoja mdogo.

Zamoyoni alisogea mbele. "Mheshimiwa, mpandisheni simba wenu. Sina ubishi. Ila asikae juu, mahali pa kutazamwa tu. Mpigilieni hapa, chini ya ncha ya ubao, mkono wa mtoto ufike. Na ubao ubaki, amwone mwenzake. Siku ya Msasa nitawapaka mafuta wote wawili."

"Ataisha," alisema Diwani.

"Ataisha."

"Bati ni gumu kuliko mninga."

"Sisi hatuna haraka."

"Litachukua miaka mingapi?" fundi aliuliza, kwa kuwa ilikuwa kazi yake na alitaka kujua.

"Inategemea na uzazi," alisema Bi Arafa, akamtazama Hidaya.

 Miji kumi na mmoja ilipita machoni mwa Diwani, kila mmoja na simba wake, wakali, wasioguswa, wenye upweke wa vitu vinavyoogopwa. Kisha akashika upande mmoja wa bati, fundi akashika wa pili, wakaliinua mpaka likalingana na kifua cha Hidaya. "Hapa?" aliuliza. "Chini kidogo," alisema Hidaya. Wakashusha.

Ghala halikutajwa tena. Kivuli cha mlingoti kilifika mguu wa ngazi, na kwa kuwa hakikuzuiwa na mtu, kikaanza kupanda.

Juu, robo ya pili ilikuwa bado kavu. Zamoyoni alichukua jani jipya kutoka kapuni, akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza, akakifuata kivuli. Alikuwa akisugua shingo ya hondohondo, ile iliyogeuka kutazama ilikotoka, aliposikia mtu akisafisha koo chini yake. Ilikuwa sauti ya kiume isiyozoea kuita.

"Tunu," alisema Diwani Sufiani. Alikuwa amesimama kando ya viatu, kofia mkononi. "Hapo kwenye mkia umepasahau."

Na kutoka juu ikashuka ile sauti pana, yenye mkwaruzo wa asubuhi.

"Abee. Nimekuona, mwanangu. Umekua."